Je, Isaya 60 Inaisema Uganda? Jibu kwa Dada wa Bwera

"Mwalimu, Bwana asifiwe. Nauza samaki wa chumvi katika soko la Mpondwe, huku Bwera. Kanisani kwetu tulikuwa na mkesha wa siku saba juu ya Isaya 60. Mhubiri mgeni alisema unabii huu ni wa Uganda: mataifa yanaijia nuru yetu, ndiyo maana wakimbizi na wawekezaji wanamiminika. Akasema anayetaka fungu lake katika 'utajiri wa mataifa' apande mbegu ya shilingi 605,000, kwa kuwa ahadi iko 60:5. Nusu nilikopa SACCO, nusu nikaitoa kwenye mtaji. Miezi minne imepita. Mtaji umekwisha na mkopo unanisubiri. Nilipouliza, nikaambiwa imani yangu ina ufa. Tena kaka yangu mkubwa, aliyenilea, ni Mwislamu. Mhubiri alisoma aya ya 12 kwamba wasiotumikia wataangamia, akasema tujitenge na ndugu wa namna hiyo. Sijui tena. Unabii umekosea, au nimekosea mimi? Umekwisha kutimia au bado? Na kaka yangu je?"

Dada yangu, asifiwe sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale ulipoandika "sijui tena". Mtu aliyepoteza mtaji wa samaki kwa ajili ya aya moja ya Biblia anastahili kuelezwa aya hiyo polepole, bila kukaripiwa. Kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu.

Nianze na pesa, maana ndizo zinazokukosesha usingizi. Isaya hakuandika "60:5". Hata hiyo 60 hakuiandika. Maneno ya manabii yaliandikwa kwenye magombo, mstari chini ya mstari, bila namba yoyote. Mwaka 1947 gombo zima la Isaya lilipatikana katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Lina urefu wa zaidi ya mita 7 na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Utaona humo nafasi zilizoachwa kati ya fungu na fungu, lakini namba ya sura au ya aya huikuti. Sura hizi tulizozizoea zilipangwa Ulaya katika karne ya 13, na namba za aya zikachapwa katika karne ya 16, ili msomaji apate mahali upesi. Ni sawa na namba zinazopakwa rangi kwenye vibanda vya soko. Mteja akikuambia kwamba kibanda chako ni namba 65 na kwa hiyo kila samaki lazima auzwe shilingi 65,000, utamcheka, utamwuliza kama ameamka vizuri. Mkeshani hamkucheka kwa sababu hesabu ile ilivikwa maombi na ilikuwa saa nane ya usiku. Ningekuwepo, pengine na mimi nisingecheka.

Basi unabii haukukosea, kwa sababu haukukuahidi kitu hicho. Na imani yako haina ufa. Uliamini ulichoambiwa na mtu aliyesimama mimbarani, na deni la maneno hayo liko juu yake aliyeyasema.

Sasa tuifungue sura yenyewe. "Ondoka, uangaze, kwa kuwa nuru yako imekuja, na utukufu wa BWANA umekuzukia." Maneno mawili ya hapo yamebadilika tangu Biblia yetu ya Kiswahili ilipofasiriwa. "Ondoka" ya aya hii haina maana ya "nenda zako". Ni "inuka hapo ulipoketi". Na "kuzuka", ambako leo vijana wakisikia wanakumbuka mzuka, hapa ni kule kuchomoza kwa jua asubuhi.

Jambo la tatu Kiswahili hakina namna ya kulionyesha. Mtu akisema "ondoka", hujui anaambiwa mwanamume au mwanamke. Lugha zetu nyingi za hapa ziko hivyo. Kiebrania kinaonyesha: vitenzi vile viwili, *qumi* na *ori*, vinaambiwa mwanamke mmoja. Huyo mwanamke ni mji, ni Yerusalemu. Waliofasiri Maandiko kwa Kiyunani zamani waliona msomaji anaweza kupotea, wakatia jina lake palepale kwenye aya ya kwanza. Sisi hatukutiliwa jina, tukabaki na "wewe" tupu, na "wewe" tupu ni nguo inayomkaa kila mtu. Mhubiri akikunyooshea kidole na kusema "nuru yako imekuja", sarufi ya Kiswahili inamruhusu. Sura yenyewe haimruhusu.

Na mwanamke huyu ameketi wapi hata aambiwe ainuke? Kitabu cha Maombolezo kinaanza kwa kumwonyesha ameketi ukiwa, amekuwa kama mjane. Isaya 52 inamwambia ajikung'ute mavumbi. Jeshi la Babeli liliubomoa mji ule mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, likachoma hekalu na kuwachukua watu. Mwaka 539 Koreshi wa Uajemi akaiteka Babeli, na wafungwa wakaanza kuruhusiwa kurudi. Wasomi wengi huona kwamba sura za mwisho za Isaya zinasema na watu hao waliorudi wakakuta magofu. Wengine wanashikilia kwamba Isaya mwenyewe aliyaona hayo mapema, karne ya 8 kabla ya Kristo. Hapo siwezi kukumalizia ubishi, na jibu lako halitegemei upande utakaoshinda. Kwa vyovyote, anayesikia maneno haya ni mama aliyefiwa, yuko chini, mavumbini. Hakuombwa kitu. Katika aya zote 22 za sura hii hakuna hata moja ambapo Sayuni, yaani mji huo huo, anaambiwa atoe kwanza ndipo nuru ije. Nuru imekuja, kisha ndipo anaambiwa ainuke.

Hili la nuru lenyewe tulitazame vizuri, maana sura nzima inasimama juu yake. Wewe unakaa chini ya Rwenzori. Kuna asubuhi mawingu yanapofunguka, na ile theluji ya juu, ambayo Wakonzo huiita nzururu, inawaka kabla bonde halijapata mwanga. Huku chini bado giza, kuku ndio kwanza wanatoka, na kule juu kumeshakuwa kweupe. Theluji haina moto. Imepigwa na jua tu, nayo inaonekana kutoka mbali kwa sababu iko juu na kote kwingine ni kiza. Aya ya 2 inachora kitu hicho hicho: giza limeifunika dunia, lakini juu ya mji mmoja pamechomoza kitu. Aya ya 3 ndiyo inayofuata: "Na mataifa watakujilia nuru yako, na wafalme kuujilia mwanga wa kuzuka kwako." Nabii anasema "nuru yako", ila ameshakueleza imetoka wapi. Ni yake kama weupe ulivyo wa theluji wakati wa jua kuchomoza.

Ndiyo maana mataifa wanakuja. Hawakulazimishwa, hawakutangaziwa biashara, wala hawakuvutwa na utajiri wa mji, kwa kuwa mji hauna kitu. Wanakuja kwa kuwa wako gizani na wameona mwanga. Ukiitoa sababu hiyo, sura inabaki msafara wa ngamia na dhahabu, na ngamia na dhahabu ndivyo hasa mlivyohubiriwa siku saba.

Tuje basi kwenye hiyo dhahabu. "Utajiri wa mataifa" wa aya ya 5 ni neno la Kiebrania lenye uzito wa nguvu, mali, na pia jeshi. Aliyelisikia kwa mara ya kwanza alikuwa na kumbukumbu: nguvu ya mataifa ilikuwa imeshamfikia mara moja, nayo ilikuja na magongo ya kubomolea kuta. Sasa anaambiwa nguvu ile ile inarudi, safari hii imebeba uvumba. Aya ya 10 inasema wageni ndio watakaojenga kuta, wakati wageni ndio waliozibomoa. Na ngamia wakishafika, aya ya 6 inasema waliokuja nao "watazitangaza sifa za BWANA". Aya ya 7 inawapeleka kondoo moja kwa moja madhabahuni. Hakuna anayegawiwa fungu lake la kwenda nalo nyumbani. Mali imeletwa kwa ibada, mwenye kuabudiwa ni Mungu, na kama kuna mchungaji yeyote aliyesimama mlangoni akipokea bahasha, Isaya hakumwona.

Kuna jambo katika aya hizo mbili ambalo nadhani mkeshani lilipitwa mbio, nalo ndilo lingekusaidia kuliko yote. Wanaofika kwanza ni nani? Midiani, Efa, Sheba, Kedari, Nebayothi. Tukisoma kanisani tunayameza majina haya kama mtu anayemeza kidonge. Yarudishe kwenye Mwanzo 25 uone. Ketura, mke ambaye Ibrahimu alimwoa baadaye, alimzaa Midiani, na Efa ni mtoto wa Midiani. Sheba yumo katika ukoo huo huo, mjukuu wa Ketura. Aya ya 6 ya sura ile inasema Ibrahimu aliwapa wana hao zawadi kisha akawaondoa wawe mbali na Isaka, akawapeleka upande wa mashariki. Nebayothi na Kedari je? Shuka mpaka aya ya 13: ni wana wa Ishmaeli, Nebayothi akiwa mzaliwa wa kwanza. Na Ishmaeli tunajua alivyotoka nyumbani katika Mwanzo 21: mama yake Hajiri, mkate, na kiriba cha maji begani.

Sasa isome tena Isaya 60 ukiwa na hayo mkononi. Waliopewa zawadi wakaondolewa kwenda mashariki wanarudi kutoka mashariki na zawadi. Aliyetolewa na kiriba kimoja cha maji, wanawe wanarudi na makundi ya kondoo, na Mungu anasema kondoo hao watapata kibali juu ya madhabahu yake. Ni jamaa moja iliyotawanyika zamani, inarejea nyumbani kwa baba. Nimeifundisha sura hii mara nyingi, na hapa huwa napunguza sauti. Wanafunzi wanaotoka kwenye familia zenye mama wawili au watatu wanaelewa kabla sijamaliza sentensi.

Ndipo nakuuliza, dada: inawezekanaje sura ambayo wageni wake wa kwanza ni wana wa Ishmaeli itumike kukutenga na kaka yako? Sikusudii kusema kwamba Kedari ni jina la fumbo la Waislamu wa leo; Isaya alikuwa akitaja makabila ya wafugaji na wafanyabiashara wa Arabuni, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Uislamu. Lakini kaka yako anamheshimu Ibrahimu, anamjua Ismaili, na wanahistoria wa Kiislamu huitaja nasaba ya Waarabu kupitia wana hao hao. Mkifungua Mwanzo 25 mko kwenye baraza moja.

Aya ya 12 ni ngumu, sitakudanganya. Inasema taifa na ufalme usiotaka kuutumikia mji utaangamia. Kuna mambo ya kuangalia hapo. Wasomi wengi huona kwamba aya hii ina mwendo mwingine, ni kama maelezo yaliyoingia katikati ya shairi. Pia maneno yake ni mwangwi wa Yeremia 27:8, ambako taifa na ufalme usiotaka kumtumikia mfalme wa Babeli ndio ulioonywa. Walioyasikia maneno hayo wakati wa Babeli walijua yalivyouma. Hapa yamegeuzwa, Babeli haimo tena. Na tazama inataja nani: mataifa na falme, serikali zenye majeshi, zile zilizozoea kukanyaga. Hakuna mtu mmoja mmoja aliyetajwa, na hakuna mwanadamu aliyepewa kazi ya kuangamiza au ya kutenga. Aya moja nyuma yake, malango "yatakuwa wazi daima, hayatafungwa mchana wala usiku."

Ninyi wa Mpondwe, mpakani na Kongo, mnajua lango lililofungwa ni nini. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, mliona daraja tupu, na mtu wa ng'ambo, ambaye juzi alikuwa mteja au shemeji, amekuwa wa kutazamwa kwa mbali. Miji ya kale nayo ilifunga malango kila jioni kwa kuogopa. Nehemia aliagiza malango ya Yerusalemu yasifunguliwe mpaka jua liwe kali. Mji usiofunga lango hata usiku ni mji ambao hauna tena wa kumwogopa, na aya ya 18 inasema hivyo waziwazi: jeuri haitasikiwa tena katika nchi. Mhubiri wenu aliisoma 12 akaacha 11. Mimi huwa nasema, anayekusomea aya ya kukutisha mwombe akusomee na ya juu yake.

Sasa, Uganda. Naipenda nchi hii, na kauli yake ya taifa naitamka kwa moyo: kwa Mungu na nchi yangu. Lakini katika Isaya 60 sisi hatuko kwenye "wewe". Tuko kwenye "mataifa watakujilia". Sisi ni watu wa aya ya 3, tulio njiani, na sioni aibu yoyote katika hilo. Imani hii ilitujia kutoka nje, na njia yake ilipitia Kiswahili pia: misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika katika ikulu ya Buganda kabla ya wamisionari, ikaleta Uislamu, Waanglikana wakafika 1877 na Wakatoliki 1879. Miaka saba baadaye, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa ikulu walichomwa Namugongo. Leo kila tarehe hiyo watu wanafika pale kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo. Nikiwaona na vumbi lao nakumbuka Isaya 60, nakiri. Ila wale wanaifuata nuru iliyowapata wafia dini. Pasipoti yetu haimo katika habari hiyo. Wapo pia wanaotafuta Uganda kwa jina la "Kushi" la Isaya 18. Kushi ilikuwa kusini mwa Misri, katika Sudan ya leo. Kilichokwenda kule kutoka kwetu ni maji ya Nile.

Kuhusu wakimbizi, mhubiri aligusa jambo kweli kisha akalipindua. Uganda imepokea zaidi ya milioni 1.5, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na wewe umewaona wakivuka hapo kwenu na godoro kichwani. Hawakuja na dhahabu ya Sheba. Kama unataka kujua Isaya angewaweka wapi, rudi sura mbili nyuma. Katika 58:7 anataja kuwagawia wenye njaa chakula chako na kuwaleta nyumbani kwako maskini waliotupwa nje, halafu 58:8 inaanza: "Ndipo nuru yako itakapopambazuka kama asubuhi." Sura ya 59 inafuata na malalamiko ya watu wanaotazamia nuru wakapata giza, kwa sababu hukumu na haki vimetupwa mbali. Ndipo inakuja 60. Mtu akikata 60 peke yake amekata mti akaacha mizizi. Mama wa Bwera aliyemlaza mkimbizi sebuleni kwake amekaa karibu na nuru hii kuliko mkesha mzima wa bahasha.

Umeuliza kama imekwisha kutimia. Kidogo ilitimia zamani. Hekalu lilijengwa tena, likamalizika mnamo 515 kabla ya Kristo, na kwa mujibu wa Ezra 6 mfalme Dario aliagiza gharama zitoke katika kodi za dola, kwa hiyo fedha ya mataifa ilifika kweli. Lakini waliorudi walibaki chini ya Uajemi, na wengi walikuwa hohehahe. Fungua Nehemia 5 uone: watu wanalia kwamba wamekopa fedha, wameweka rehani mashamba. Unajua Nehemia alimkasirikia nani? Hakuwaambia wenye madeni kwamba imani yao ina ufa. Aliwakasirikia wakubwa, akawaambia warudishe.

Kisha Wakristo wa kwanza waliisoma sura hii wakiwa wamemwona Yesu. Simeoni, akimpakata mtoto hekaluni, alimwita nuru ya kuwa mwangaza wa Mataifa, akichukua maneno ya Isaya. Mathayo anawaleta mamajusi na dhahabu na uvumba, na manemane ambayo Isaya hakuitaja. Wale "wafalme watatu" wenye ngamia katika maigizo yetu ya Noeli, Mathayo hasemi walikuwa wafalme, hasemi walikuwa watatu, hataji ngamia. Wafalme na ngamia tumewaazima Isaya 60, na Kanisa Katoliki mpaka leo huisoma sura hii siku ya Epifania. Wayahudi nao wanaisoma, kama mojawapo ya masomo saba ya faraja yanayofuata siku ya kuombolezea hekalu lililobomolewa. Wao bado wanangoja, na kwa namna fulani sisi pia, maana Ufunuo 21 inaichukua sura hii karibu neno kwa neno: mataifa wanatembea katika nuru yake, wafalme wanaleta utukufu wao, milango haifungwi. Na hayo yamewekwa mwisho kabisa, katika mji ushukao kutoka kwa Mungu.

Ukiniuliza mimi naegemea wapi: naona imeanza na haijaisha. Mwanga umeshachomoza, bonde bado lina kiza. Ndugu yangu Mkristo anayeshikilia kwamba yote yametimia kanisani, au anayengoja Yerusalemu ya duniani ijengwe upya, sitagombana naye. Kila mmoja ana aya za kusimamia. Wa kumkatalia ni yule anayekuwekea tarehe na bei.

Sasa hatua za mikono na miguu, ambazo siwezi kukufanyia kwa maandishi. Nenda SACCO wiki hii, mwenyewe, kabla hawajakufuata. Kaa na ofisa wa mikopo, mwambie ukweli kwamba biashara imeyumba, uombe malipo yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Wengi wetu hukimbia mpaka riba inapozaa, na wadhamini wanaanza kugongewa mlango. Usikope kwingine kulipa mkopo huu, na hasa usipande mbegu nyingine ya "kuamsha" ile ya kwanza. Ukipenda, omba pesa zako zirudishwe: nenda na mtu mzima unayemwamini kwa wazee wa kanisa, useme kwa upole na bila kelele. Huenda zisirudi, nakwambia mapema. Lakini kusema ni haki yako, na huenda kuna mama mwingine kwenye benchi la nyuma anayengoja wa kwanza aseme. Kama kuna vitisho, laana za kutajwa kwa jina au mtu wa kukufuata nyumbani, hilo si suala la maombi pekee. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, na ikibidi polisi. Na kama usingizi umekukimbia kabisa, huli, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, usingoje barua yangu nyingine. Mwambie mtu wa nyumbani leo, mwende pamoja kituo cha afya.

Kutoa usikuache. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima, na tena kwamba sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Mkopo wa SACCO ni kitu usichokuwa nacho. Kwa miezi hii ya kulipa deni, sadaka yako ikiwa mia tano, ni sadaka.

Halafu kaka yako. Umesema alikulea. Sijui kama ameshasikia uliyoambiwa juu yake, ila Bwera si mji mkubwa. Nenda kwake kabla hajasikia kwa mtu mwingine, ukae, unywe chai yake. Mweleze habari ya mkopo, maana kaka aliyekulea atataka kujua, na pengine anamfahamu mtu pale SACCO. Na kama mazungumzo yakifika kwenye dini, chukua Biblia yako umsomee aya ya 6 na ya 7. Ukifika kwa Kedari na Nebayothi mwambie ni wana wa Ishmaeli, kisha umwachie nafasi akusimulie anavyomjua Ismaili.

Uniandikie ilivyokwenda.